Damu ya Alama Mbili

Hosea Tweve aliporudi Mahongole na kijibomba cha waya ndani ya mshipa wa moyo, watu walikuja kumtazama kama wanavyokwenda kutazama ng'ombe aliyezaa mapacha. Wengine walimwomba afungue vifungo vya shati waone kovu. Kovu lenyewe halikuwepo. Madaktari wa Dodoma waliingilia mkononi, na alichokuwa nacho cha kuonyesha ni tundu moja karibu na kifundo, dogo kama la mwiba, nalo limeshafunga. Basi watu waliaga wakiwa wamepungukiwa kidogo, maana mtu aliyerudi kutoka kule alikokuwa anakwenda unamtegemea awe na alama ya kueleweka.

Yeye mwenyewe hakupungukiwa na kitu. Alishukuru kila kilichopita mbele yake. Alishukuru upepo wa Makambako, ule unaogonga mabati mchana kutwa, ambao miaka yote alikuwa akiutukana. Alishukuru uji. Alishukuru hata kufokewa na mkewe Flora, kwa sababu maiti hafokewi.

Na sababu alikuwa nayo. Mwezi wa kumi alikuwa mashineni Lyamkena na jirani yake Timoth, wanangoja zamu ya kusaga. Kifua kikambana. Hakikuchoma, kilibana, kama mtu mzito amekuja akakaa juu yake na hana haraka ya kuondoka. Maumivu yakapanda mpaka taya, mkono wa kushoto ukafa ganzi.

"Vidonda vya tumbo hivi," Hosea akasema. "Nitafutie maziwa."

"Vidonda vya tumbo gani vinavyomlowesha mtu jasho kwenye baridi hii? Inuka, shemeji. Panda gari."

Timoth ni Mbena, wa ukoo mmoja na Flora. Hosea ni Mkinga wa Ipelele aliyekuja kuoa Mahongole akasahau kurudi kwao. Kwa hiyo walikuwa mashemeji, na utani kati yao haukuwa na siku ya mapumziko. Lakini siku ile Timoth hakutania. Alimpakia kwenye pikapu ya mwenye mashine, gunia la mahindi likabaki palepale kwenye foleni, wakaenda hospitali. Wakampima umeme wa moyo, wakamtundikia dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, wakamwambia Flora kwamba mzee ana mshtuko wa moyo, mshipa umeziba, na mahali pa kuuzibua sawasawa si hapa. Gari la wagonjwa likashuka Iringa kwa king'ora, likaendelea Dodoma. Flora alishika chupa ya maji kwa mkono mmoja na mkono wa mumewe kwa mwingine, na njia nzima hakuachia hata kimoja.

Kule Dodoma hawakumlaza usingizi. Alikuwa macho, amelala chali chini ya mashine, na pembeni kulikuwa na kioo kama televisheni. Kwenye kioo aliiona mishipa ya moyo wake mwenyewe, myeusi, imetawanyika kama mizizi ya mti uliong'olewa. Mzizi mmoja ulikuwa umekatika katikati. Daktari, kijana mfupi mwenye sauti ya taratibu, alipitisha waya mwembamba, akatanua pale palipoziba, akaacha kile kijibomba kishikilie mshipa usijifunge tena. Mzizi ukarudi. Hosea alitaka kupiga makofi, ila mkono mmoja ulikuwa umefungwa.

Ajabu ni kwamba waliosimama pale hawakufurahi. Walipoingiza tena ile dawa ya rangi inayoonyesha mishipa kwenye kioo, ilipita penye kijibomba bila shida, ikafika mbele, ikazubaa. Daktari akaagiza dawa nyingine, ikasukumwa ndani ya mshipa uleule. Wakangoja. Wakaangalia.

"Inasogea," mmoja akasema.

Wakangoja tena. Katika maisha yake yote Hosea hakuwahi kuona watu wazima watano wanangoja kitu kimoja kwa ukimya namna ile, na kitu chenyewe ni chake.

Kesho yake yule daktari mfupi alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda.

"Baba, mshipa mkubwa tumeufungua. Lakini mshipa kufunguka ni jambo moja, damu kufika kwenye nyama ya moyo ni jambo lingine. Ile damu iliyoganda ilimeguka, vipande vikateremka kwenye vimishipa vidogo ambako waya wetu haufiki. Na hivyo vimishipa vilikaa na njaa muda mrefu, vimevimba. Sisi huwa tunaipa damu alama, kuanzia sifuri mpaka tatu. Tatu ni damu inayopita kama kawaida. Yako ilianza sifuri. Tumeifikisha mbili."

"Mbili kwa tatu," Flora akasema. "Baba Remmy, shuleni hukuwahi kuzipata hizo."

"Na ile ya tatu?" Hosea akauliza.

"Ile ya tatu tunaiachia dawa, muda na kupumzika. Utatembea kidogokidogo, unaongeza taratibu. Jembe na mizigo, bado kabisa mpaka tukuambie. Kwa wengi inarudi."

Walikaa Dodoma kwa binamu yake Flora, karibu na madaktari, mpaka mvua za kwanza zilipopita. Ndipo wakarudi nyumbani.

Kilichomvuruga Hosea kilikuwa shamba. Aliondoka halijaguswa. Alirudi akalikuta limelimwa lote, limepandwa, mahindi yameshachomoza kwa mistari iliyonyooka kuliko anavyopanda yeye. Fidelia, mke wa Timoth, ndiye aliyewaeleza ilivyokuwa. Timoth alipita nyumba kwa nyumba akaitisha mgowe. Watu wakaja na majembe yao, wakalima mpaka mpakani, wakala viazi vya kuchemsha alivyovipika Fidelia katika jiko la Flora, wakaenda zao. Mvua iliponyesha wakarudi kupanda.

Mgowe si msaada wa kusema asante ukanyamaza. Leo wote wako kwangu, kesho wote tuko kwako. Haulipwi kwa fedha, na ukitoa fedha umetukana. Unalipwa kwa mikono yako mwenyewe. Mtu aliyelimiwa, kisha akakaa nyumbani siku ya mwenzake, hakuna atakayemwambia neno, lakini hata salamu anazopewa zinaanza kuwa fupi.

Na palizi ya Timoth ilikuwa inakuja.

Hosea alisimama pembeni mwa shamba lake, mikono nyuma, akayatazama yale mahindi. Alishukuru. Halafu chini ya shukrani pakaingia kitu kingine, kigumu kama kokoto kwenye kiatu. Watu hawa walimlimia akiwa amelala chali anaangaliwa na madaktari. Sasa anatembea, anakula, anacheka. Atakwenda kwa Timoth akiwa na nini?

Hapo ndipo alipoanza kufikiria habari ya mfereji.

Kwa miaka mingi Hosea alikuwa msimamizi wa mfereji wa bondeni, ule unaonywesha vinyungu, vile vishamba vya matuta ambamo watu hulima maharage na mboga wakati wa kiangazi. Mfereji aliujua kuliko alivyowajua baadhi ya wanawe. Na mfereji ulioziba una tabia yake. Ukizibua pale kwenye banio, kule juu yanakoingilia, maji hayaendi mara moja. Yanakwenda yanasita, maana tope limeteremka mbele na kujipanga. Dawa yake kila mtu pale anaijua. Unaziba tena kule juu, unayaacha maji yajae, halafu unayaachia kwa mkupuo mmoja. Yakishuka yanashuka na tope, matawi, vyura na kila kitu, mpaka tuta la mwisho.

Sasa daktari si ndiyo maneno aliyosema? Banio limezibuliwa, tope limeteremka, damu inasita. Ila yule daktari ni kijana wa mjini, Hosea akawaza, hakuwahi kushika mfereji, ndiyo maana anasema lala. Maji yaliyolala hayasombi tope. Kinachotakiwa ni mkupuo. Mtu alime, jasho limtoke, moyo upige kwa nguvu, damu ishuke ikasombe vile vipande. Hapo alama ya tatu inapatikana, na palizi ya Timoth inamkuta mzima. Mambo mawili kwa jembe moja.

Aliona ni akili ya kutosha, akaamua kutomwambia Flora.

Flora kwa upande wake hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka zaidi ya thelathini.

"Jembe langu liko wapi?" Hosea akauliza asubuhi moja, kama mtu anayeuliza saa.

"Limekwenda kusalimia."

"Mama Remmy, nauliza tu."

"Na mimi nakujibu tu. Umeambiwa utembee. Tembea mpaka kanisani, urudi. Ukifika ukiwa na pumzi, msalimie mchungaji. Ukifika huna, kaa kwenye benchi."

Akatembea. Lakini nyuma ya banda la nguruwe kulikuwa na jembe la zamani lililolika mpaka likawa kama kijiko, na Flora hakuwa amelikumbuka. Hosea akaanza kutembea kuelekea bondeni badala ya kanisani.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Alivuta tuta moja la maharage, polepole, akatoa jasho, kifua kikapata joto. Joto si baridi, akajiambia, maana yake damu inafika. Alirudi nyumbani anapiga mluzi. Kesho yake akaenda tena. Wiki ile iliyofuata, alipolima kidogo tu pumzi ikawa inamwishia juujuu, akalazimika kukaa kwenye tuta akisubiri irudi. Viatu vikaanza kumbana jioni. Alipolala akawa anataka mto wa pili chini ya kichwa. Kwa kila dalili alikuwa na jibu: ni tope linatoka. Mfereji nao ukisombwa, maji huwa machafu kwanza.

Flora alimfuata bondeni siku aliyoona kinyesi cha bata kwenye viatu vya mumewe, na bata wa jirani wanakaa bondeni, hawakai kanisani. Alimkuta amepiga magoti katikati ya matuta, mikono yote miwili chini, anapumua kwa mabega. Midomo ilikuwa imepoteza rangi. Jembe lililolika lilikuwa limelala kando.

Hakupiga kelele. Alikaa naye kwenye tope, akamkalisha wima, akamwegemeza kifuani kwake mpaka pumzi ikarudi. Ilichukua muda. Ndipo akasema.

"Kama ulitaka kufa, ungeniambia tukiwa Dodoma. Nisingekula mihogo ya barabarani siku zote zile."

"Sikutaka kufa," Hosea akasema. "Nilitaka kulipa."

"Kumlipa nani?"

Akainua kidevu kuelekea kule juu, kwenye shamba lililolimwa na watu. Flora akaelewa, na kwa kuwa alielewa alikasirika zaidi. Kesho yake alfajiri walikuwa kwenye gari la Njombe.

Njombe kulikuwa na ukungu wa kukata kwa panga. Kliniki ya moyo ilikuwa na foleni, watu wamejifunika mablanketi na kofia za sufu, kila mmoja na bahasha yake mapajani. Daktari aliitwa Nelly Nyagawa, mama wa makamo, mtoto wa hukohuko, mwenye namna ya kukutazama kama anakusikiliza hata kabla hujaanza.

"Shikamoo baba. Kamwene mama."

"Marahaba," Hosea akasema, na Flora akajibu "Kamwene," na hapohapo, kabla mumewe hajakaa vizuri, akaeleza yote. Jembe, bonde, midomo, viatu, mto wa pili. Hakuacha hata bata.

Daktari Nelly alibonyeza miguu ya Hosea kwa kidole, akatazama shimo lililobaki. Akasikiliza mgongo. Akamlaza ubavu, akampaka mafuta ya baridi kifuani, akaanza kuangalia moyo kwa mashine ya picha. Alikaa kimya muda mrefu, na Hosea akaukumbuka ukimya wa wale watu watano.

"Sasa nieleze wewe, baba," akasema bila kutoa macho kwenye kioo. "Kwa nini ulilima?"

Hosea akamweleza habari ya banio, tope na mkupuo. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyowaeleza wanaoanza kazi ya mfereji. Daktari hakucheka. Alikua kwenye vinyungu vya mama yake, alijua kila neno.

"Umesema kweli mahali pengi," akasema. "Ndivyo ilivyo hasa, banio limezibuliwa na huko mbele kuna tope. Nikuulize tu kitu kimoja. Maji ya mfereji wenu, nani anayasukuma?"

"Hayasukumwi. Yanatoka juu, yanateremka yenyewe."

"Na damu nani anaisukuma?"

"Moyo."

"Na shamba linalongoja maji ni lipi?"

Hosea akatazama kifua chake kilichopakwa mafuta. Nje mtu alikuwa anakohoa.

"Moyo huohuo," akasema.

"Basi, baba yangu, umemtoa mgonjwa kitandani, ukamtuma mtoni akajichotee maji ya kunywa. Na ulipoona anachelewa, ukamwongezea ndoo."

Flora alitazama pembeni. Hosea alibaki amelala ubavu, ile baridi ya mafuta kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu mashineni Lyamkena aliogopa. Pale mashineni hakupata nafasi ya kuogopa.

"Nimeuua?" akauliza.

Daktari Nelly akageuza kioo amwonyeshe. Pale palikuwa na kitu cha kijivu kinachojikunja na kujikunjua. Upande mmoja ulikunjika kwa nguvu. Upande wa mbele ulisita, ukafuata kwa kuchelewa.

"Hii sehemu iliyochelewa ndiyo iliyokosa damu. Iliyokufa kabisa huwa nyembamba, haitikisiki. Hii inatikisika, unaiona? Kama mtu anayeitwa akiwa usingizini. Anaitika, ila hajaamka."

"Na ile alama ya tatu?"

"Mashine hii haioni alama. Inaona kazi. Lakini nyama isiyofikiwa na damu haiwezi kuitika hivi. Damu inafika, baba. Inafika taratibu, na bila jembe lako. Umebahatika, nakuambia kweli. Ungeendelea, nisingekuwa na cha kukuonyesha leo."

Akamwongezea kidonge cha kupunguza maji mwilini. Vile vya Dodoma akasema vimezwe kila siku bila kuruka hata kama anajisikia kijana, hasa akijisikia kijana. Kutembea ndiyo, tena kwa bidii ya kupanda polepole. Jembe hapana, mpaka atakaporudi baada ya mavuno.

"Baada ya mavuno!"

"Unakimbilia wapi?"

Kwenye gari la kurudi Makambako walipita mashamba ya chai. Halafu Hosea akasema, "Inaitika." Flora akamshika goti. Baadaye kidogo akasema tena, "Mama Remmy, inaitika," akavua kofia akaishika mikononi kama yuko ibadani.

Kichwa kilielewa kwa hiyo. Mikono ndiyo haikuelewa. Siku za palizi ya Timoth zilivyokaribia, mikono ya Hosea ilikosa pa kukaa. Alikaa nayo mezani, akaitazama. Hii ndiyo iliyopokea, hii ndiyo inayotakiwa kutoa, na imekatazwa. Alijaribu kujifariji kwamba kila mtu anajua anaumwa. Haikusaidia. Anaumwa, lakini anatembea mpaka kanisani na kurudi, watu wanamwona. Na mahindi yake yamefika kiunoni.

Siku yenyewe ilipofika, Flora alikubali waende. "Tunakwenda kusalimia na kukaa," akasema. "Kukaa, Baba Remmy." Walipanda taratibu, wakipumzika mara kwa mara. Walipofika kwa Timoth, Flora aliingia jikoni kwa Fidelia kusaidia kumenya viazi. Hosea alizunguka nyumba, akaona jembe la Fidelia limeegemezwa ukutani, akalichukua, akaenda nalo shambani.

Watu walikuwa wameshajipanga, kila mtu na mstari wake, migongo imeinama. Hosea akatafuta mstari usio na mtu. Alijiambia ni mmoja tu. Mstari mmoja hauui. Aumalize, watu wamwone, basi, deni limeguswa, mengine yatangoja mavuno. Moyo ulikuwa unapiga hata kabla hajainua kitu.

"Shemeji!" Timoth alikuwa upande wa pili wa shamba. "Hilo jembe la nani?"

"La mkeo."

"Na limefuata nini mikononi mwako?"

"Mstari. Kaa mbali, Mbena, nisije nikakukata."

Timoth akaja akiruka mistari. Wengine wakanyoosha migongo, wakaegemea majembe.

"Daktari amekuambia nini?"

"Daktari hajalimiwa na watu," Hosea akasema. "Mimi nimelimiwa. Mmoja tu, Timoth. Usinivunjie heshima mbele za watu."

Akainua jembe. Timoth akaingia mbele yake, akasimama juu ya magugu yaleyale yaliyokuwa yanangoja kukatwa.

"Lima mguu wangu, basi."

"Toka."

"Sitoki."

Fidelia na Flora walikuwa wametoka jikoni, Flora bado na kisu cha kumenyea. "Baba Remmy," akaita, na sauti yake haikuwa ya kufoka. Hosea hakugeuka. Jembe lilikuwa juu, maana kushusha alishindwa na kupiga alishindwa.

Timoth akageuka kwa wenzake. "Semeni nyie."

Mmoja akaanza kukwangua tope kwenye jembe lake kwa bidii kubwa.

"Mwambie tu," Fidelia akasema kutoka kule. "Atajua lini?"

Timoth akavua kofia, akakuna kichwa. "Shemeji, ule mgowe haukuwa wako."

"Ulikuwa wa nani? Shamba si langu?"

"Ulikuwa wa Flora." Akameza mate. "Flora alipiga simu kutoka Dodoma usiku ule wa kwanza. Akasema mshipa umefunguliwa, ila damu haipiti. Sasa sisi tukakaa, tukajiuliza, mtu ambaye damu haipiti anaitwaje? Tukaangaliana. Mimi ndiye niliyepita kwenye nyumba za watu. Nikasema, jamani, tumlimie mjane kabla mvua haijatukuta matangani."

Jembe lilishuka lenyewe, taratibu, likagusa ardhi.

"Mlinizika?"

"Kuzika bado. Mahali tu ndipo tulishapaona."

"Wapi?"

"Kule juu kwako, penye mikaratusi."

"Mikaratusini! Na mizizi yote ile?"

"Ndiyo maana tulimshukuru Mungu uliporudi," Timoth akasema. "Kuchimba pale ni adhabu."

Mtu akashindwa kujizuia, akacheka kwa pua. Mwingine akamfuata. Kicheko kikapita mstari kwa mstari mpaka mwisho wa shamba. Timoth alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hayakuwa machozi ya kicheko yote.

"Sasa sikiliza, Mkinga. Nyie mkipewa cha bure hamlali, mnajua kesho kuna anayedai. Lakini mgowe wa mjane haurudishwi. Hata kwenu Ipelele ni hivyohivyo, usinidanganye. Unakwisha palepale. Ukitaka kuulipa, kwanza ufe, Flora awe mjane, halafu aje alipe yeye. Ukiulipa ukiwa hai, tutasema tulimlimia nani?"

Hosea alitazama zile nyuso, wengine anawafahamu tangu wakiwa vijana wa kwaya, watu waliokuja na majembe alfajiri kumlimia mtu waliyeamini ameshakwenda, ambaye asingerudi hata kusema asante. Hakuna aliyekuwa anangoja kurudishiwa. Hawakuweka hesabu, kwa sababu wa kuhesabiwa hakuwepo.

Kitu kikalegea ndani yake, chini ya ubavu wa kushoto. Aliogopa kidogo, akasikiliza. Moyo ulikuwa unapiga tu, na pumzi ipo.

"Mngeniwekea hata msalaba wa mbao nzuri?" akauliza.

"Mbao za mikaratusi," Timoth akasema, akamwondolea jembe mikononi. "Nenda ukakae. Unatuchelewesha."

Fidelia akampindulia ndoo karibu na sufuria, Hosea akaketi. Watu wakainama tena, majembe yakaanza, mistari ikawa inawapeleka mbali naye, wanakwenda wanataniana kuhusu nani angebeba jeneza na nani angekula zaidi matangani. Flora akaja na bakuli la viazi, mvuke unapanda, akalitua mapajani mwake.

"Sijalima," Hosea akasema.

"Nani kakuuliza?"

Akamenya kimoja, kikamuunguza vidole. Akaomba chumvi.

"Chumvi hapana," Flora akasema, akakaa kwenye majani kando yake.

Akakila hivyohivyo, na kilikuwa kitamu.